Kabange Aliyejifuta Kwenye Orodha

Watatu kati yenu vijana wa chuo mmeniandikia wiki hii, kila mmoja kwa simu yake, swali lilelile: mwaka huu wa mwisho, ile kozi ya hiari ya kuunganisha data na huduma za programu, muichukue au mchague nyingine iliyo nyepesi? Mmeuliza kwa mistari miwili. Mimi ni mstaafu, nina shamba dogo la mahindi huku Annexe, pembezoni mwa mji, na kuku wanne wasionisikiliza, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu. Mkichoka nendeni mkale, kisha mrudi.

Kozi hiyo niliifundisha miaka kumi na moja katika chuo kimoja cha hapa Lubumbashi. Jina la chuo nitalitunza, maana bado wananisalimia vizuri. Jina la kozi ni refu na la kutisha, lakini kazi yenyewe ni hii: ofisi ya usajili ina kompyuta yake, maktaba ina yake, kila kitivo kina yake, na kila moja inamjua mwanafunzi kwa namna yake. Wewe unakaa katikati, unazifanya zizungumze bila kugombana. Anayewaambia ni zaidi ya hapo anataka kuonekana msomi.

Mimi nasema ichukueni, lakini kabla hamjaamua, nataka mjue habari ya Kabange. Huyo alikuwa mwanafunzi wangu bora kuliko wote. Alibaki na siku tatu tu kabla ya collation, ile sherehe ya kupewa shahada, na jina lake halikuwa kwenye orodha. Aliyelitoa ni programu. Aliyeiandika programu ni Kabange mwenyewe. Aliyetia sahihi kwamba programu ni nzuri ni mimi, kwa kalamu yangu ya chuma niliyopewa nilipoacha kazi ya kwanza, na kwa mbwembwe nyingi.

Hiyo kazi ya kwanza nayo muijue, maana ndiyo iliyotuokoa baadaye.

Nilianza katika kampuni moja ya usafirishaji, kwenye chumba cha karata. Wakati ule kompyuta ilikuwa inakula karata ngumu zenye matundu. Kila gari la mizigo lilikuwa na karata yake. Mkubwa wangu alikuwa Mama Thérèse, mama mnene, mkali, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mwekundu. Kazi yangu ilikuwa kupanga karata na kuondoa zile zilizojirudia. Nilikuwa kijana mwepesi wa mikono. Siku moja niliona karata mbili zinazofanana, nikatupa moja kwenye pipa la taka, nikaendelea kupiga mluzi.

Kumbe yalikuwa magari mawili. Kwa wiki nzima, gari moja lililojaa saruji halikuwepo duniani. Kwenye uwanja liliegeshwa mchana kutwa, watu wanaliona, dereva anakula mihogo ameliegemea, lakini kila akienda kuomba ruhusa ya kutoka anaambiwa gari hilo halipo. Alikuja chumbani kwetu akiwa amevaa uso wa kupigana.

Mama Thérèse hakunipigia kelele, na hilo ndilo lililoniogopesha. Alichukua katoni tupu ya maziwa, akaisukuma kwa mguu chini ya meza yangu.

"Ile karata unaona ni ya bure, usitupe mu poubelle," akasema. "Weka humu. Kesho muntu atakuya kukuuliza, utamujibu nini? Utamuambia poubelle njo inajua?"

Basi tangu siku hiyo sikutupa kitu. Nilipoanza kufundisha, katoni ya Mama Thérèse iliingia darasani pamoja nami. Niliiita kapu. Programu yenu ikikataa mstari wowote wa data, niliwaambia, isiufute. Iuweke kwenye kapu, na iandike pembeni sababu ya kuukataa. Wanafunzi walicheka. Mmoja alichora kapu ubaoni, akaniweka mimi ndani, miguu juu. Alichora vizuri, lazima nikiri.

Mambo mengine niliyofundisha yalitokana na aibu za wanafunzi wenyewe. Kwa mfano umeme wetu mnaujua. Unatuma ujumbe, umeme unakatika, hujui kama ulifika, unatuma tena. Kijana mmoja wa mwaka wa pili wa kozi hakufikiria hilo. Programu yake ilikuwa inapeleka mialiko ya mkutano, na siku hiyo umeme ulikuwa unakuja na kuondoka kama mgeni aliyesahau mwavuli. Mkuu wa kitivo alialikwa kwenye mkutano mmoja mara arobaini. Alifika na karatasi aliyoichapisha, akaniuliza kwa upole sana: "Papa Prof, ni mukutano moja ao semester muzima?" Kwa hiyo shikeni hili bure: kila ujumbe upewe namba yake, na anayepokea, akiona namba aliyokwisha kuipata, anyamaze tu. Nusu ya kozi ni hiyo.

Nusu nyingine ni majina. Hapo ndipo tulipovunja shingo.

Mnajua majina yetu. Una jina, una jina la pili, una jina la ubatizo, na kila ofisi inayapanga inavyotaka. Mtu mmoja ni Ilunga Kalenga Jean kwenye usajili, Jean Ilunga kwenye maktaba, na Kalenga J. kwenye kitivo chake. Ukilinganisha majina, kompyuta inakuapia kwamba hao ni watu watatu. Chuo kilikuwa kimejaa watu wa namna hiyo, wanafunzi hewa, na kila mwaka orodha ya wahitimu ilikuwa vita. Wengine waliongezwa kwa kalamu pembezoni mwa karatasi, na hakuna aliyejua nani kawaongeza. Mimi ndiye niliyekwenda kwa katibu wa chuo, mama mmoja asiyependa maneno mengi, nikamwambia: tuunganishe mifumo yote, orodha itoke kwenye mashine peke yake, na kuanzia hapo mtu asiongezwe kwa mkono hata kama analia. Akakubali. Aliipenda sana ile ya "hata kama analia".

Darasa la mwaka ule lilikuwa la watu sita, na kazi hiyo ikawa mtihani wao. Kabange ndiye aliyepata dawa ya majina. Alikuwa msichana mrefu aliyekaa mtaa wa Katuba, mwenye kuongea haraka, na akifikiri alikuwa anatafuna kifuniko cha kalamu.

"Papa Prof, majina inatudanganya, tuache majina," alisema. "Tuangalie tarehe ya kuzaliwa, mahali alizaliwa, jina ya baba, na numéro ya simu ya muzazi. Ile ine ikifanana yote, ni muntu moja. Anabakia wa kwanza, mwingine anaenda mu kapu, na points yake yote inaenda kwa ule wa kwanza."

Niliisoma kanuni yake mara mbili. Ilikuwa safi. Tuliijaribu, na wanafunzi hewa waliporomoka mpaka darasa likapiga makofi. Katibu alileta hati ya kuthibitisha kwamba kazi imekamilika, pamoja na orodha ndefu ya majina yaliyoingia kapuni ili niipitie. Kuipitia? Nilikuwa na haraka, nilikuwa na furaha, na nilijiona kidume. Nikatoa kalamu yangu ya chuma, nikatia sahihi kwa mkia mrefu.

Orodha ya wahitimu ilibandikwa Jumatano asubuhi. Collation ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa darasani nafuta ubao, Kabange akaingia, nyuma yake msichana mwingine mwenye uso uleule, urefu uleule, ila amesuka nywele tofauti. Nilimfundisha Kabange mwaka mzima bila kuuliza ana ndugu wangapi.

"Papa Prof, huyu ni Kyungu, mapasa mwenzangu," Kabange akasema. "Yeye eko mu économie. Eko pa liste. Miye siko."

"Na tena mi niko na diplômes mbili," Kyungu akadakia, na mdomo wake haukujua ucheke au ulie. "Ya économie, na ya informatique. Hata kuwasha ordinateur ya Kabange sijuake."

Mapacha. Tarehe moja ya kuzaliwa, mahali pamoja, baba mmoja, simu ya mama mmoja. Vyote vinne vimefanana. Kyungu alikuwa wa kwanza kusajiliwa, akabaki. Kabange akaingia kwenye kapu, na alama zake zote, miaka yote ya kukesha na vitabu, zikamwendea dada yake. Hapa petu hakuna mtu asiyejua kwamba kwa Waluba wa Katanga pacha wa kwanza kutoka anaitwa Kyungu na wa pili Kabange, siku zote, kwa kila nyumba. Mtoto wa shule ya msingi angesikia jina la Kabange akauliza, "Na Kyungu eko wapi?" Mimi nilimwita Kabange kila Jumanne kwa mwaka mzima, na sikuuliza.

Tulikwenda kwa katibu. Alitusikiliza mpaka mwisho, akafungua mtoto wa meza, akatoa karatasi yenye maneno yangu mwenyewe.

"Mutu asiongezwe kwa mukono," akasoma, "hata kama analia. Ni weye ulisema, Papa Prof."

"Ni miye."

"Sasa mashine itoe liste ingine. Ijumaa midi, saa sita, inaenda ku imprimerie kuchapwa. Na sitaki mashine itengenezwe juu ya Kabange peke yake. Kama mulikosa kwa moja, mulikosa kwa bengine. Mubaonyeshe bote, ao hakuna."

Alikuwa na haki, na nilimchukia kidogo kwa kuwa na haki.

Nje, Kabange alikaa kwenye ngazi. Nilitegemea atazungumzia shahada, au kazi aliyoahidiwa. Alisema hivi: "Mama eko mu njia. Alitoka Pweto kule ku ziwa jana, pa lori. Anauzisha samaki miaka yote juu yetu babili. Nitamuambia nini, Papa Prof? Nilijifuta miye mwenyewe?" Akalia. Kyungu akalia naye, na mimi nikasimama pale na mkoba wangu, mtu mzima mwenye mvi, nikaona aibu ambayo sikuwa nimeionja tangu siku za lile gari la saruji.

Alhamisi asubuhi tulifungua kapu. Mshukuruni Mama Thérèse popote alipo, kwani Kabange alikuwa ameliandika jinsi nilivyofundisha: kila mstari uliotupwa ulikuwepo mzima, pamoja na sababu. Hakuna kilichopotea. Shida ilikuwa kwamba humo ndani kulikuwa na wanafunzi hewa wengi wa kweli, wamechanganyika na wanafunzi halali wasiojua kwamba wametupwa, na wote wamefanana katika vitu vilevile vinne. Utawatenganishaje? Kabange alitafuna kifuniko cha kalamu mpaka kikapasuka. Tukajaribu hili, tukajaribu lile. Ilipofika saa tano wale wanafunzi sita walikuwa wananitazama mimi, na mimi nilikuwa natazama dirisha.

Mama yao akafika wakati huo. Kyungu alikwenda kumpokea, na kwa kuwa hakuna aliyejua ampeleke wapi, alimleta moja kwa moja darasani. Mama mfupi, kitenge cha bluu, vumbi la njia yote mpaka kwenye nyusi, na mafurushi mawili ya samaki wakavu yaliyojaza chumba harufu ya ziwa. Alikaa kiti cha mbele. Kabange alipiga magoti akamwambia yote, bila kujitetea.

Mama alisikiliza. Kisha alinigeukia mimi, si yeye.

"Kyungu bibili, Kabange sifuri?" akaniuliza. "Papa, haiko vile banafanyaka ku mapasa. Ukimupa moja, unamupa na mwenzake. Hata bonbon ya kulamba. Hata fimbo."

"Mama, ni machine," nikasema. Niliona haya nilipoyasikia maneno hayo yakitoka.

"Ile machine ilikuwa inajua majina yabo?"

"Tuliiambia isiangalie majina."

Alinitazama kama ninavyowatazama kuku wangu. "Majina njo inasema beko babili. Banabapatiaka majina juu ya ile. Mwangalie mu kapu yenu: kama eko Kabange, na ule alibakia eko Kyungu, sasa munatafuta nini tena?"

Kabange alisimama kabla mama hajamaliza. Hakuniomba hata ruhusa. Alikaa mbele ya kompyuta, vidole vikaanza kukimbia: nitafutie aliyetupwa akiwa Kabange, na aliyebaki akiwa Kyungu, au kinyume chake. Wakaanza kujitokeza kwenye kioo, wawili wawili. Nyuma kabisa ya darasa kijana mmoja ambaye wazazi wake walitoka Kasai akapiga kelele: "Na ba Mbuyi na ba Kabanga! Kwetu mapasa ni Mbuyi na Kabanga!" Wakatafutwa nao, wakatoka nao. Darasa likawa soko. Mama alikuwa akisikia kila jozi ikisomwa anapiga makofi mara mbili, kila mmoja la kwake.

Msidhani majina yalimaliza kazi. Kuna mapacha wa makabila mengine waliopewa majina mengine kabisa, na kuna ndugu wa kawaida ambao baba mmoja aliwaandikisha tarehe moja kwa uvivu. Kwa hao hakuna kanuni. Tuligawana mistari iliyobaki, tukapiga simu moja baada ya nyingine mchana kutwa: samahani mama, una mtoto mmoja chuoni au wawili? Baba mmoja alijibu, "Kama muko na mwingine, mumulete, tutamulisha." Hili nalo lishikeni: mahali kanuni inapoishia, inua simu uulize mtu. Hakuna aibu ndani yake.

Tuliowatoa kapuni tuliwarudishia alama zao, na Ijumaa saa tano mashine ilitoa orodha mpya. Katibu aliichukua kwa mikono miwili, akatafuta herufi ya K, akaweka kidole.

"Eko," akasema. Kisha akanipa orodha ya waliobaki kwenye kapu. "Na hii, Papa Prof, utasoma sasa hivi, mbele yangu."

Nilisoma.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Kwa alfabeti Kabange angetangulia, lakini alimwomba msomaji amruhusu asubiri, kwa sababu Kyungu ndiye aliyetangulia kutoka na mama alikuwa anaangalia. Kyungu akapanda, akachukua shahada moja. Kabange akapanda, akachukua moja. Vigelegele vya mama yao sitavieleza, bado navisikia kwenye sikio la kushoto.

Kila mwaka nilikuwa na desturi ya kumpa mwanafunzi wangu bora kalamu mpya. Baada ya sherehe nilimkabidhi Kabange kiboksi chake mbele ya familia, nikatoa na hotuba fupi. Mama alipiga makofi. Kisha akabaki amenitazama, anangoja.

"Papa Prof," akasema taratibu, "na Kyungu?"

Kyungu hakuwahi kukaa katika darasa langu hata saa moja. Nilitaka kueleza hivyo, nikakumbuka bonbon na fimbo. Nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa kalamu yangu ya chuma, ile ile niliyotilia sahihi kwa mkia mrefu, nikampa. Nilirudi nyumbani na furushi la samaki na mfuko mwepesi.

Mwaka uliofuata ulikuwa wangu wa mwisho. Kabange alikuwa amekwisha kuajiriwa palepale chuoni, kwenye hiyo mifumo aliyoiunganisha, na yeye ndiye aliyeniletea orodha ya mwisho niliyotakiwa kuithibitisha kabla ya kustaafu. Nilipapasa mfuko wangu, nikaukuta mtupu, nikanyoosha mkono aniazime kalamu yake. Akaiweka nyuma ya mgongo.

"Papa Prof, ulisoma majina?"

Nilikuwa sijasoma. Watu walikuwa wananisubiri nje na keki. Nikavuta kiti, nikavaa miwani, nikayasoma yote kwa sauti, moja baada ya jingine, naye amesimama pale na kalamu mpaka jina la mwisho.